Muziki na filamu ndani ya matatu: nani anadai, na anamdai nani

Dada yangu ameolewa Majengo ya Nyeri, na kila Idi ikiangukia likizo ya shule mimi hupanda mlima na watoto. Wapwani wengi wakisikia Majengo hufikiria ile ya Mombasa, au ya Pumwani kule Nairobi. Ya Nyeri ni ndogo, lakini ukipita baada ya magharibi utasikia Kiswahili barazani na utapewa chai ya tangawizi hata kwa nyumba usiyoijua. Baridi tu ndiyo inayokukumbusha kuwa bahari iko mbali.

Safari hii nilimkuta mpwa wangu amenuna. Ana matatu mbili za abiria 14, zinazokwenda Karatina na Nanyuki. Wiki moja kabla ya Idi, watu wawili wenye vizibao vya kung'aa walimsimamisha dereva wake stejini asubuhi, saa ya abiria wengi. Wakamwambia gari halina leseni ya muziki, na kwamba mtambo utang'olewa na kupelekwa kituoni. Dereva akampigia simu tajiri wake, tajiri akaambiwa atume shilingi 3,500. Akatuma, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Akaletewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, "muziki wa gari, mwaka mmoja". Siku nane baadaye wakaja wengine, wakaitazama ile karatasi wakacheka, wakataka zao.

"Mjomba," aliniambia, "wewe ndiye mwandishi. Muziki wa flashi niliyoinunua kwa pesa zangu, ndani ya gari langu, nadaiwa na nani?"

Mimi si wakili, nina diploma tu. Lakini swali hili nimeulizwa Likoni, nikaulizwa Kisauni, na sasa Nyeri. Nimekaa nikaisoma sheria yenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata humo.

Flashi ni yako, wimbo si wako

Sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki, Nambari 12 ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo 2019. Juu yake iko Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 40 inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu kama inavyolinda shamba na nyumba. Sheria hii inampa mwenye kazi, yeye peke yake, uwezo wa kuruhusu au kukataza mambo fulani: kunakili kazi yake, kuitafsiri, kuigeuza, kuuza au kukodisha nakala zake, kuitangaza redioni, na kuifikisha kwa umma.

Hapo penye umma ndipo matatu inapoingia.

Kwa sisi wa pwani mfano mwepesi ni leso. Ukinunua leso ni yako. Utaifunga, utaizawadia, utaiuza ukitaka. Lakini huwezi kuibeba mpaka kiwandani, ikachapwa jora kwa jora na maneno yale yale na mji ule ule, ukaanza kuuza. Ulinunua kitambaa, hukununua kazi ya aliyeichora. Flashi ni hivyo hivyo. Sidi, kanda na wimbo ulioupakua kwa pesa halali ni hivyo hivyo. Umepata ruhusa ya kusikiliza, wewe na wa nyumbani kwako.

Kwa hivyo gari lako la kibinafsi halina mjadala. Ukitoka Mombasa kwenda Nyeri na familia, ukasikiliza taarabu mpaka Mtito Andei na mawaidha mpaka Sagana, hakuna wa kukudai. Sheria inaruhusu matumizi ya binafsi. Hata kunakili sidi yako kwenye flashi ili uisikilize mwenyewe si kosa. Sheria iliweka njia nyingine ya kumfidia msanii kwa nakala kama hizo, yaani tozo juu ya vifaa vya kurekodia, na si kukusimamisha wewe njiani.

Matatu ni jambo jingine. Abiria ni watu usiowajua, wanapanda na kushuka kutwa, na wanalipa. Muziki ni sehemu ya biashara. Kila anayeishi Kenya anajua vijana wanavyoiacha gari ya mbele, iliyo nusu kujaa, wakangoja nganya yenye spika nzito. Mwenye gari anapata faida kwa kazi ya mtu mwingine, basi sheria inasema naye amkumbuke. Mpwa wangu alijaribu kujitetea kwa redio: "Nikifungua stesheni je? Stesheni si imeshalipa?" Stesheni imelipa kwa kutangaza. Wewe kuchukua matangazo yale na kuwasikilizisha wateja wako ni matumizi ya pili, na yana ada yake.

Mjadala huu haukuanzia kwetu. Uingereza mwaka 2007 chama cha watunzi kiliishtaki Kwik-Fit, kampuni ya karakana za magari, mbele ya mahakama ya Edinburgh, kikidai pauni 200,000 kwa sababu mafundi walikuwa wakifungulia redio zao kwa sauti mpaka wateja wakasikia. Ulaya nako Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imetoa hukumu ambazo mtu wa magari angefaa kuzijua. Aprili 2020, katika kesi iliyotoka Sweden, ilisema kampuni ya kukodisha magari haidaiwi kitu kwa sababu tu magari yake yana redio. Anayekodi ndiye atakayeamua afungulie au asifungulie. Aprili 2023, katika kesi mbili zilizotoka Romania, ikasema ndege inayowapigia abiria muziki imeufikisha kwa umma, lakini gari la moshi lililofungwa spika tu, bila kuthibitishwa kuwa muziki ulipigwa, halijafanya hivyo. Hukumu hizo hazitufungi sisi. Ila zinaonyesha mpaka uliko. Spika iliyokaa kimya hailipi, mtu akishaifungulia abiria ndipo deni linapoanza.

Kwetu hatuhitaji kubahatisha kuhusu matatu, maana magari ya abiria yametajwa katika orodha za ada. Mwenye teksi, au gari la kubeba watalii, naye asome orodha iliyochapishwa kabla ya kulipa wala kukataa. Magari ya watalii nayataja kwa makusudi. Jambo Bwana ya Them Mushrooms, kundi la Mombasa, imewakaribisha wageni kwenye magari hayo tangu miaka ya 1980, na wengi wanaoipiga huidhania kuwa ni ngoma ya asili isiyo na mwenyewe. Ina mtunzi anayejulikana, Teddy Kalanda Harrison.

Wenye haki ni watatu, wakati mwingine wanne

Jambo lililomchanganya mpwa wangu zaidi ni kudaiwa na watu tofauti kwa wimbo ule ule. Aliona ni wizi. Si lazima uwe wizi.

Chukua kanda ya taarabu ya Mombasa ya zamani. Juma Bhalo anaimba. Maneno ya baadhi ya nyimbo zake yalitungwa na Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Kanda imerekodiwa na kutolewa na mwenye duka. Waliokuwa wakinunua kanda mjini wanalikumbuka duka la Mbwana Radio Service. Katika kanda hiyo moja pana haki ya aliyetunga maneno, haki ya aliyetunga sauti ikiwa ni mtu mwingine, haki ya mwimbaji na wapigaji ala, na haki ya aliyegharimia na kuandaa rekodi. Kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa sheria, na kila mmoja anaweza kuwa na chama chake.

Huko mlimani mfano ni rahisi zaidi, kwa sababu mugithi inapigwa kila mahali. Mpiga gitaa mmoja anakaa jukwaani usiku kucha, akiimba nyimbo za Joseph Kamaru na wakongwe wengine. Rekodi ya usiku ule ikiingia kwenye flashi ya matatu, mwimbaji ana haki yake, lakini utunzi ni wa Kamaru. Kamaru alifariki Oktoba 2018, na kifo hakikufuta haki hiyo.

Hapa inafaa nieleze muda, maana wengi hudhani wimbo wa zamani ni wa bure. Saa ni mbili na hazikimbii pamoja. Haki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ya Kamaru basi ni mpaka mwisho wa 2068. Haki ya rekodi ni miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri ya 1970, rekodi yake ilikwisha muda mwisho wa 2020, lakini ikiwa mtunzi yuko hai, au alifariki juzi, utunzi ungali na mwenyewe. Filamu nayo ina miaka 50, inayohesabiwa tangu ilipotengenezwa, au ilipotolewa kwa umma, kutegemea lililotokea mwisho. Na Malaika je? Wimbo ule umebishaniwa kwa miaka mingi ni wa nani, Fadhili William au mwingine. Ukiuhesabu kuwa wa Fadhili, aliyefariki 2001, una mwenyewe mpaka mwisho wa 2051.

Vyama, na ugomvi wao

Msanii mmoja hawezi kusimama kila steji kutoka Lungalunga mpaka Nanyuki akidai. Kwa hivyo sheria inaruhusu vyama vya kukusanya mrabaha kwa niaba ya wanachama. Cha watunzi kinachojulikana zaidi ni MCSK, kilichoanzishwa 1983. KAMP ni cha watayarishaji wa rekodi. PRiSK ni cha waimbaji na wapigaji. Msimamizi wa vyote ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambayo yenyewe haimuuzii mtu leseni ya muziki. Kazi yake ni kuvipa vyama hivi kibali na kuvichunga. Kibali ni cha mwaka mmoja mmoja.

Na hapo ndipo vurugu inapozaliwa. Mwaka 2017 Bodi iliinyima MCSK kibali ikakipa chama kingine, MPAKE. Baadaye MCSK ikarudi. Agosti 2021 Bodi ikavifutia kibali vyama vyote vitatu kwa kutotimiza masharti. Wakarudi tena. Mwaka 2024 likaingia jina jipya, PAVRISK, na mabishano yakaishia mahakamani. Moja ya masharti yaliyokuwa yakigombewa ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazokusanywa, zisizozidi 30 ndizo ziende kwenye uendeshaji wa ofisi, zilizobaki ziwafikie wasanii. Wasanii wenyewe ndio waliokuwa wakilia kwamba haziwafikii, na kilio chao wengi tumekisikia redioni, msanii mwenye jina kubwa akisoma ujumbe wa simu wa mrabaha usiotosha mkate.

Mimi nasema wazi: vurugu ya ofisini haimpi mwenye matatu ruhusa ya kupiga kazi ya watu bure. Lakini vile vile haimlazimu kumpa pesa kila anayevaa kizibao. Sheria yenyewe imemwekea kinga, na kinga hizo madereva hawazijui.

Ya kwanza iko katika kifungu cha 46. Hakuna chama kinachoruhusiwa kukusanya bila cheti cha Bodi ambacho muda wake haujaisha. Ya pili iko 46A. Hakuna chama kinachoruhusiwa kudai mrabaha kwa kiwango ambacho hakijaidhinishwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Maana yake, bei haipangwi stejini. Hakuna "lete ulicho nacho". Kiwango kipo kwa maandishi, kinafuata aina ya gari na idadi ya viti, na una haki ya kuonyeshwa. Ya tatu iko katika kifungu cha 39. Wakaguzi wa hakimiliki huteuliwa na Bodi, wanapewa cheti cha mamlaka, na ukiwataka wakuonyeshe ni wajibu wao kukuonyesha. Mfanyakazi wa chama cha kukusanya anaweza kukudai, kukuandikia na kukushtaki. Kung'oa redio ya gari yako mwenyewe, kwa mikono yake, bila mkaguzi wala polisi, hilo hana.

Nilimwonyesha mpwa wangu haya moja moja tukiwa tumeketi mkekani. Ile karatasi yake haikuwa na jina la chama, haikuwa na nambari ya leseni, haikutaja nambari ya gari. Pesa zilikwenda kwa simu ya mtu. Ada halali hulipwa kwa ankara, kwa akaunti au nambari ya malipo iliyo kwa jina la chama, na leseni inayotoka inataja gari na tarehe ya mwisho. Kwa kuwa vibali hubadilika mwaka hadi mwaka, uliza Bodi kwanza ni chama gani kina kibali mwaka huu, ndipo ulipe. Simu moja tu. Katika miaka ya karibuni vyama vimekuwa vikitoa leseni ya pamoja ili mtu alipe mara moja, na hilo ndilo la kuulizia.

"Na nisipolipa kabisa?" aliuliza. Kusababisha wimbo au filamu yenye hakimiliki ichezwe mbele ya umma bila ruhusa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 38, na linaweza kuleta faini au kifungo, mbali na fidia ambayo mwenye kazi anaweza kudai. Upo utetezi: uthibitishe kwamba ulitenda kwa nia njema na hukuwa na sababu ya kudhani unavunja haki ya mtu. Mtu aliyetapeliwa kwa risiti bandia anaweza kujaribu kuutumia utetezi huo mara ya kwanza. Mara ya pili sioni hakimu gani atamwamini.

Filamu ni mlango mwingine

Gari moja ya mpwa wangu ina skrini nyuma ya kiti cha dereva. Safari ya Nanyuki, filamu ya mapigano ya Kichina inaanza, na juu yake sauti ya kijana anayesimulia kwa Kiswahili cha mitaani, abiria wanavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, siwezi kudanganya.

Ila hesabu yake ni mbaya. Leseni ya muziki haikupi ruhusa ya filamu. Filamu ni kazi yake yenyewe, ina mwenye haki wake, na ruhusa ya kuionyesha kwa umma hutolewa naye au wakala wake. Ile ya kununua kwa shilingi 50 kwenye duka la kunakilia ni nakala haramu tangu pale dukani. Masimulizi yaliyowekwa juu bila ruhusa ni kosa la pili, maana kutafsiri na kugeuza ni haki ya mwenye kazi. Kuionyesha garini ni la tatu. Na anayedhani akaunti ya kulipia filamu kwa mwezi inamwokoa asome masharti aliyoyakubali. Akaunti hizo ni za matumizi ya nyumbani.

Juu ya hakimiliki kuna sheria nyingine kabisa, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayosimamiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Hao hawaulizi nani alitunga. Wanauliza nani anatazama. Filamu hupangwa kwa madaraja: GE ni ya kila mtu, PG ni ya mtoto akiwa na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Matatu haina mlango wa kuchuja umri. Amepanda nyanya na mjukuu, amepanda mwanafunzi mwenye sare. Kwa hivyo msimamo wa Bodi hiyo kwa magari ya abiria ni daraja la GE, na imewahi kufanya misako kwa sababu ya video chafu garini. Kwa hili sina haja ya sheria kunishawishi. Nimewahi kupanda na binti yangu wa miaka tisa kutoka Nairobi, nikalazimika kumfunika macho na mtandio wake mpaka Thika.

Sauti yenyewe pia ina kanuni, za mwaka 2009 juu ya kelele, chini ya sheria ya mazingira. Unaweza kuwa na leseni zote na bado ukashtakiwa kwa kelele.

Kaswida je?

Mpwa wangu ni mcha Mungu kwa namna yake. Mwezi wa Ramadhani magari yake hayapigi kitu ila kaswida, mawaidha na Qur'ani, na aliamini kwamba mwezi huo hadaiwi. Nikamwambia aya za Mwenyezi Mungu hazina hakimiliki ya mtu, lakini rekodi ya msomaji inayo, kama rekodi nyingine. Kaswida ni utunzi. Waliotunga, walioimba na waliolipia studio wana haki ile ile ya mwimba mugithi, isipokuwa wenyewe wameamua kusamehe, na wengi kweli husamehe wakataka tu ujumbe ufike. Samahani hiyo ni yao kuitoa, si yako kuichukua.

Wako wanaosema hakimiliki ni jambo la kizungu, na elimu haiuzwi. Wanazuoni walilijadili hili. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, lilitoa azimio kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazotambulika kisheria, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Shemeji yangu, ambaye alikuwa kimya muda wote akichambua kunde, ndiye aliyesema, "Basi mwite babu wa nyumba ya tatu."

Babu wa nyumba ya tatu ana zaidi ya miaka sabini. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaketi karibu na jiko. Wazazi wake waliletwa mlimani na kazi za mkoloni, yeye amezaliwa hapo hapo. Miaka ya 1980 na 1990 alikuwa na kikundi cha kaswida, wakashuka Mombasa mara mbili kurekodi. Kanda zilinunuliwa mpaka Isiolo. Siku hizi nyimbo zake zimo kwenye flashi za magari, na moja ya magari hayo ni la mpwa wangu. Babu hupanda gari hilo kwenda hospitali, hulipa nauli kama wengine, na hujisikia akiimba akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

"Nilipewa shilingi elfu mbili na kanda kumi," alisema. "Nikaambiwa zimeshanunuliwa."

Nikamuuliza alitia sahihi wapi. Hakutia sahihi mahali. Nikamweleza kwamba hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo. Inazaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Na haihamishwi kwa mdomo. Kifungu cha 33 kinataka maandishi, ukiacha kazi zilizofanywa na mwajiriwa au zilizoagizwa na mtu, ambazo zina utaratibu wake. Rekodi ile huenda ni ya mwenye duka, lakini utunzi, kwa maelezo yake, ungali wake. Akijiunga na chama chenye kibali na kuorodhesha nyimbo zake, anaingia katika mgao. Anaweza pia kuziandikisha katika sajili ya Bodi, ili siku ya ubishi awe na cheti mkononi.

Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokuwa akilalamika kuhusu pesa za wasanii, msanii mwenyewe alikuwa akiishi nyumba ya tatu, na alikuwa akimtoza nauli.

Ijumaa baada ya swala tuliketi kwa babu na daftari la shule. Yeye akitaja, mimi nikiandika: jina la wimbo, mwaka, nani aliimba, nani alipiga duffu. Tulifika nyimbo 19. Kwa saba kati ya hizo alisita, akasema maneno yalitungwa na kaka yake, marehemu. Haki hiyo imekwenda kwa warithi, nikamwambia, itabidi wapatikane. Mmoja yuko Nanyuki, mwingine alihamia Lamu kitambo na simu yake haishiki. Mpwa wangu amechukua nambari zote mbili. Leseni ya magari ataishughulikia Jumatatu, baada ya kupiga simu kwa Bodi kuuliza. Ile skrini ameizima kwa sasa. Na kutoka Ijumaa ile babu halipi nauli akienda hospitali, ingawa nilimwambia mpwa wangu kwamba hiyo ni hisani yake tu, haihesabiki katika mrabaha.